Yule Mzungu anayetafuna bigijii: Gene Krupa na wapiga dramu wa ng'ambo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, napiga dramu katika kwaya ya kanisa letu hapa Mwanza. Kuna kipande cha video ya zamani kinazunguka kwenye simu, cha rangi nyeusi na nyeupe. Kuna Mzungu mmoja, nywele zinamwangukia usoni, jasho linamtoka, anakung'uta dramu huku anatafuna bigijii. Chini wameandika "baba wa wapiga dramu wote duniani". Rafiki yangu anayepiga gitaa la besi anasema hiyo ni chumvi, kwamba jamaa alipendwa huko kwao Marekani kwa ajili ya sura tu. Je, ni kweli wapiga dramu wa nchi nyingine walijifunza kwake? Kama ni kweli, walijifunzaje na hakukuwa na simu wala intaneti? Na mimi je, nimwige?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo ni Gene Krupa. Aliyeandika "baba wa wote" ametia chumvi kweli, maana Krupa mwenyewe alikuwa na baba zake, na nitakutajia. Lakini rafiki yako naye amekosea, tena sana. Ukiniuliza ni mpiga dramu gani wa enzi ya swing, ile jazi ya kuchezesha dansi ya bendi kubwa za miaka ya 1930, aliyewagusa wapigaji wengi zaidi nje ya nchi yake, nitamtaja Krupa bila kusita, ingawa kwa ufundi wa mkono nisingemweka wa kwanza.

Nitaanza na kiti alichokalia, kwa sababu hapo ndipo penye jibu lako. Kabla yake, katika bendi kubwa za dansi, mpiga dramu alikaa nyuma kabisa. Kazi yake ilikuwa kutunza mwendo ili wacheza dansi wasipotee, na kugonga vikorokoro vyake pale mwimbaji anapopumua. Aliyekuja kusikiliza bendi alikuja kwa ajili ya tarumbeta, klarineti au sauti ya mwimbaji. Krupa ndiye aliyewafanya watu walipe kiingilio kwa ajili ya dramu. Kilichovuka bahari ni hicho: wazo kwamba mtu wa nyuma anaweza kuwa ndiye anayengojewa. Mapigo yenyewe kila nchi iliyapokea kwa namna yake, na mengine iliyakataa.

Alizaliwa Chicago tarehe 15 Januari 1909, kitinda mimba katika familia ya watoto tisa ya wahamiaji kutoka Poland. Mama yake alitamani awe padri, akapelekwa shule ya maandalizi ya Kikatoliki huko Indiana. Upadri haukumkaa. Alirudi Chicago, na usiku akawa anakwenda upande wa kusini wa mji, kwenye kumbi za Wamarekani weusi, kuwasikiliza Baby Dodds na Zutty Singleton, wapigaji waliotoka New Orleans. Hao ndio walimu wake, na hakuwahi kulificha hilo. Baadaye, New York, akamjua Chick Webb, mpiga dramu mfupi mwenye kibyongo aliyekuwa mfalme wa ukumbi wa Savoy kule Harlem. Tarehe 11 Mei 1937 bendi ya mpiga klarineti Benny Goodman, Krupa akiwa kwenye dramu, ilipambanishwa na bendi ya Webb ndani ya Savoy. Webb alimshinda, na Krupa alikiri hadharani kwamba ameshindwa na aliye bora kuliko yeye.

Nakuomba usilisahau hilo unapotazama ile video. Webb alifariki Juni 1939, hajawahi kuwekwa mbele ya kamera za Hollywood kama alivyowekwa Krupa. Filamu za wakati ule ziliwafungulia mlango wapigaji weupe na kuwafungia weusi, kwa hiyo mvulana wa London au Tokyo aliyejifunza kwa Krupa alikuwa anajifunza kwa Dodds na Webb bila kujua majina yao. Mimi linaniuma mpaka leo. Halimwondolei Krupa kazi aliyoifanya, lakini neno "baba wa wote" linafuta watu waliomlea.

Sasa tazama seti unayopigia hapo kanisani. Nadhani ina besi moja ya kukanyaga, snea, tomu moja iliyopandishwa juu ya besi, tomu kubwa ya miguu mitatu kulia kwako, matoazi pacha ya kukanyaga kushoto, na matoazi mawili au matatu kwenye stendi. Mpangilio huo wa ngoma nne ulienea duniani kwa picha za Krupa. Miaka ya 1920 tomu zilikuwa vingoma vya Kichina vilivyowambwa ngozi ya nguruwe na kupigiliwa misumari, kwa hiyo sauti iliyotoka ndiyo hiyohiyo, huwezi kuikaza wala kuilegeza. Krupa alishirikiana na kiwanda cha Slingerland cha Chicago, wakamtengenezea tomu zinazokazwa kwa skrubu juu na chini. Tangu hapo tomu ikawa na sauti yake inayochaguliwa, mpigaji akaweza kuimba nayo. Kwa matoazi alikwenda kwa ukoo wa Zildjian, waliokuwa wakifua matoazi Istanbul tangu 1623 na kuhamishia kazi yao Massachusetts mwaka 1929. Akawaomba matoazi membamba zaidi, yanayolia upesi na kunyamaza upesi. Wapigaji wengine wakaomba hivyohivyo.

Besi nayo ina kisa chake. Desemba 1927, akiwa na miaka 18, Krupa aliingia studio Chicago na kikundi cha McKenzie na Condon kurekodi kwa kampuni ya Okeh. Mafundi wa studio za zamani waliiogopa besi, kwa sababu mshindo wake ungeweza kuirusha sindano inayochonga nta, na mara nyingi walimwambia mpigaji abaki na vikorokoro vidogo tu. Yeye aliingia na seti nzima. Wakatandika mazulia kuzuia mtikisiko, wakarekodi. Ndiyo maana santuri zile zikasikika na kifua ambacho nyingi za wakati wake hazikuwa nacho.

Halafu ikaja 1935. Bendi ya Benny Goodman ilizunguka Marekani bila mafanikio makubwa mpaka tarehe 21 Agosti, ilipofika ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles na vijana wakaushambulia ukumbi. Miaka miwili baadaye, Julai 1937, bendi ikarekodi "Sing, Sing, Sing", wimbo wa Louis Prima ulionyoshwa ukawa wa dakika nane na zaidi, ukajaza pande zote mbili za santuri kubwa. Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu. Mtu wa Hamburg au Manchester aliyeiweka kwenye gramafoni alisikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia: wimbo unaoanza kwa tomu peke yake, tomu inayoendelea kunguruma kila vyombo vinapotulia, na mtu alilazimika kuinuka kuigeuza santuri ili ajue tomu hiyo imeishia wapi.

Umeuliza walijifunzaje. Njia zilikuwa tatu: santuri, sinema na askari. Kitabu kilikuwepo pia, Krupa alichapisha mbinu zake mwaka 1938, ila kwa wengi waliokuwa mbali kitabu kilikuja nyuma ya hizo tatu. Nchi ipi ilipata njia ipi ndiko kulikoamua imemwelewa vipi.

Uingereza ilipata sinema. Kulikuwa na ugomvi kati ya vyama vya wanamuziki vya pande mbili za bahari, na kuanzia 1935 bendi za Kimarekani zikafungiwa kupiga Uingereza kwa miaka takribani ishirini, mpaka 1956. Fikiria maana yake kwa mpiga dramu wa London. Kizazi kizima kilimjua Krupa kwa kivuli chake ukutani. Na kamera haitegi sikio, inatega jicho. Ilionyesha nywele zikianguka, fimbo ikizungushwa hewani, mdomo ukitafuna, uso ukikunjamana kama mtu anayejifungua wimbo. Mapigo laini ya brashi hayakuonekana vizuri, lakini fimbo inayoruka ilionekana mpaka viti vya nyuma.

Kuna tukio moja katika filamu ya 1941 iitwayo *Ball of Fire* ambalo nililijua kabla sijaiona filamu yenyewe. Mzee aliyenifundisha dramu, mpigaji wa dansi wa miaka mingi, alinionyesha mezani kwa kiberiti cha jikoni. Alikishika kibiriti kwa mkono mmoja, akachukua njiti mbili, akaanza kugonga upande wa msasa polepole, kama mvua inayoanza kwenye bati. Akapunguza mpaka tukainama kumsikiliza, halafu akakwangua, njiti zikashika moto. Akasema, "Huyo ni Krupa, na dramu zake zote zilikuwa nyuma yake, hakuzigusa." Nilipoiona filamu baada ya miaka, ilikuwa vilevile: bendi nzima imemaliza kutoa mshindo, na yeye anafunga kazi kwa kiberiti, ukumbi wote umemzunguka kimya. Kama hujaiona, itafute kabla ya kuirudia ile ya bigijii.

Katika miaka ya 1950 Hollywood ikatoa filamu za maisha ya wanamuziki wa swing, na Krupa akaonekana akipiga kama yeye mwenyewe katika ile ya Glenn Miller ya 1954 na ile ya Benny Goodman iliyofuata. Mwaka 1959 ikatoka ya maisha yake, Sal Mineo akiigiza na Krupa akipiga sauti tunayoisikia. Uingereza iliuzwa kwa jina *Drum Crazy*. Sasa hesabu umri: Keith Moon alizaliwa 1946, John Bonham na Ian Paice 1948. Walikuwa watoto wa kwenda sinema. Wote watatu walimhesabu Krupa miongoni mwa waliowasha moto wao, na hao ndio waliokuja kupiga dramu za The Who, Led Zeppelin na Deep Purple. Moon alichukua fimbo za kurushwa na seti kugeuzwa jukwaa. Bonham alichukua tomu kubwa zinazoongea na solo ndefu, bendi ikishuka jukwaani kumwachia nafasi. Ukisikia solo ya dakika kumi katika muziki wa roki, kiti kile kilitengwa na "Sing, Sing, Sing".

Ujerumani ni kisa cha aina nyingine, na ndicho kinachonisumbua zaidi. Oktoba 1935 redio ya utawala wa Nazi ilipiga marufuku jazi, kwa madai ya kibaguzi kwamba ni muziki wa watu weusi na Wayahudi. Goodman alikuwa Myahudi, na tangu 1936 alikuwa akipanda jukwaani na Teddy Wilson na Lionel Hampton, wote weusi, Krupa akiwa mtu wa nne. Bendi hiyo ilikuwa kila kitu ambacho utawala ule ulikichukia. Hata hivyo vijana wa Hamburg walitafuta santuri kwa siri na kucheza, na wengine walikamatwa kwa ajili hiyo.

Wakati huohuo wizara ya propaganda ya Goebbels ikaunda bendi yake ya swing. Iliitwa Charlie and His Orchestra. Kazi yake ilikuwa kupiga nyimbo zilezile za Kimarekani kwa Kiingereza, maneno yakiwa yamebadilishwa kuwatukana Churchill na Wayahudi, kisha kurushwa kwa masafa mafupi kwenda Uingereza. Mpiga dramu wake alikuwa Freddie Brocksieper, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1912, baba Mjerumani na mama Mgiriki. Brocksieper alikuwa mwanafunzi wa Krupa kwa njia ya santuri. Ukisikiliza rekodi zile, puuza anachokiimba mwimbaji, ufuate tomu na matoazi. Utamsikia Krupa yuko ndani ya studio ya Berlin, katikati ya vita, akitumikishwa na watu waliokuwa wamekataza muziki wake usichezwe kwenye redio yao. Vita vilipokwisha Brocksieper akawa anawapigia askari wa Kimarekani kwenye vilabu vyao kusini mwa Ujerumani. Mkono ulikuwa uleule. Mimi siwezi kuusikiliza muziki ule kwa raha, lakini kama ushahidi wa kwamba Krupa alifika mbali, sijui ulio mzito kuliko huo.

Japani ilipata askari, kisha ikampata mwenyewe. Wakati wa vita jazi ilikatazwa kule kama muziki wa adui. Baada ya 1945 Wamarekani waliikalia nchi, kambi zao zikahitaji bendi za kuwaburudisha askari kila jioni, na redio yao ya kijeshi ikawa inasikika mjini. Vijana wa Kijapani wakaingia kazini kwenye vilabu vya kambi na kujifunza kwa njaa, maana pale palikuwa na mshahara wakati mitaani hapakuwa na chakula. Aprili 1952, mwezi uleule ambao ukaliaji ulikwisha rasmi, Krupa aliingia Tokyo na watu wawili tu, Charlie Ventura kwenye saksafoni na Teddy Napoleon kwenye piano. Alirudi Novemba 1953 katika msafara wa mwandaaji wa maonyesho ya jazi Norman Granz, pamoja na mwimbaji Ella Fitzgerald na mpiga piano Oscar Peterson.

Alipokelewa kama mfalme, na mara dramu ikawa ndiyo chombo cha vijana. Mwaka 1953 George Kawaguchi, kijana aliyekulia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, alianzisha kikundi cha watu wanne kilichoitwa Big Four, na watu walijaa kumwona yeye akipiga solo ndefu. Frankie Sakai na Hajime Hana, wapiga dramu wote wawili, wakawa waigizaji na wachekeshaji wanaojulikana nchi nzima, jambo ambalo kabla ya hapo mpiga dramu asingeliota. Mwishoni mwa 1957 kampuni ya Nikkatsu ikatoa filamu ambayo Ishihara Yujiro, nyota mkubwa wa wakati ule, anaigiza mpiga dramu. Katikati ya pambano la dramu mkono unamsaliti kwa jeraha, anashika kipaza sauti na kuimba huku mkono mmoja ukiendelea kupiga. Mikono iliyosikika kwenye ala ilikuwa ya Shiraki Hideo, mpigaji halisi wa jazi. Jina hilo lishike, nitalirudia.

Kiwanda cha Pearl kilianza 1946 mjini Tokyo kikitengeneza stendi za kuwekea karatasi za muziki, kikaanza dramu mwaka 1950. Wengine wakafuata: Hoshino, ambao leo ni Tama, na Yamaha. Sina haja ya kukuuliza seti yenu ni ya kampuni gani, makanisa mengi niliyopita ukanda wetu yana moja ya hizo tatu. Sisemi Krupa ndiye aliyevijenga viwanda. Ila soko la vijana wa Kijapani waliotaka kukaa kwenye kiti kile lilikuwepo pale viwanda vilipoanza kukua, na mpangilio waliounakili ulikuwa ule wa ngoma nne.

Jambo la ajabu kuliko yote ya Japani lilitokea mbali na Tokyo, katika wilaya ya Suwa milimani. Bila shaka umewahi kuona kundi la Wajapani wamesimama na ngoma kubwa za mbao, wakubwa kwa wadogo, wanapiga kwa pamoja mpaka ardhi inatetema. Watu wengi hudhani ni desturi ya miaka elfu. Ngoma zenyewe ni za kale sana, lakini upigaji wa kundi wa namna ile ulianzishwa mwaka 1951 na Oguchi Daihachi, naye alikuwa mpiga dramu wa jazi. Alipewa nota za kale za ngoma ya hekalu azisome, akaona kwamba pigo moja la ngoma moja halitoshi sikio lililozoea seti. Akafanya ambalo mpiga jazi yeyote angelifanya: akazipanga ngoma za ukubwa mbalimbali, ndogo ya kuongoza mwendo kama snea, kubwa ya kushika chini kama besi, nyingine zikijibizana kama tomu, kisha akaweka mtu mmoja kwa kila ngoma. Sitakwambia alimfuata Krupa kama mwanafunzi. Nakwambia wazo la seti, la ngoma kadhaa zenye sauti tofauti zinazosema sentensi moja, liliingia ndani ya ngoma za jadi za Japani na kuzipa uhai mpya, na leo zinapigwa hivyo duniani kote.

Ukiniuliza kuhusu Afrika, nitakujibu kwa uangalifu, maana hapa watu hupenda kutia chumvi zaidi. Usimtafute Krupa katika bendi zetu za zamani kwa sababu tu ya majina yao. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na kule Kongo African Jazz na OK Jazz, zote zilibeba neno "jazz" kama alama ya usasa. Ndani mlikuwa na rumba, na rumba hiyo ilitoka Cuba kwa santuri za kampuni ya HMV zenye herufi GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Mwendo ulishikwa na tumba na maraka. Dramu ya seti ilipoingia ilijifunza kukaa pembeni ya tumba, haikuja na kiti cha Krupa. Wapigaji wetu wakubwa walijenga ufundi mwingine, wa kusukuma bendi bila kujionyesha, na mimi nimelelewa katika huo.

Pwani ya Afrika Magharibi mambo yalikuwa tofauti. Accra wakati wa vita ilikuwa na askari wa Kimarekani na wa Kiingereza, na bendi za swing za kuwachezesha. Huko akatokea Guy Warren, aliyezaliwa 1923, mpiga dramu wa jazi hasa, mmoja wa waliokuwa katika bendi ya The Tempos pamoja na mpiga tarumbeta E. T. Mensah. Alikwenda London, akaenda Chicago mwaka 1955, mji uleule wa Krupa, na mwaka uliofuata akarekodi *Africa Speaks, America Answers*. Akiwa Marekani aliliona swali lililomkabili waziwazi, na amelieleza katika maandishi yake: awe nakala dhaifu ya Buddy Rich, au apige kile ambacho hao hawawezi kukipiga. Buddy Rich ndiye aliyemfuata Krupa katika utukufu wa dramu ya bendi kubwa, kwa hiyo swali lilikuwa la kiti kilekile. Warren alichagua la pili. Aliporudi Ghana akabadilisha jina na kuitwa Kofi Ghanaba, na seti yake akaiunda upya: akaondoa ngoma za kiwandani, akaweka ngoma kubwa za Waakan, watu wa Ghana, zilizochongwa kwa gogo, akazifungia pedali azikanyage kwa miguu. Alikaa katikati yake kama mfalme, peke yake, na watu walikuja kumwona yeye. Kiti alikichukua, mapigo akayarudisha kwa wenyewe.

Shiraki Hideo alifanya karibu sawa na hilo. Mwaka 1965 alialikwa kwenye tamasha la jazi la Berlin, akapanda jukwaani na bendi yake ya jazi na wanawake watatu wapigaji wa koto, kile kinanda kirefu cha nyuzi cha Kijapani. Miaka minane tu baada ya kuwa mikono iliyofichwa nyuma ya nyota wa filamu.

Mwambie basi rafiki yako kwamba sura ilimsaidia Krupa, hilo simbishii. Ilimpeleka sinema, na sinema ikampeleka Uingereza. Lakini sura haikuweza kumfundisha Brocksieper, aliyekuwa na santuri tu.

Sasa swali lako la mwisho, kama umwige. Usianze na nywele wala fimbo ya kuzungusha. Anza na tomu ya miguu mitatu. Chukua ule mwendo wa kuanzia wa "Sing, Sing, Sing", mkono wa kulia na wa kushoto kwenye tomu moja, besi ikitembea robo nne bila kuruka hata moja, matoazi ya kukanyaga yakifunga kwenye mbili na nne. Ushike dakika nane. Usiweke pambo lolote dakika tatu za mwanzo. Mkono utakuuma karibu na kiwiko, na hapo ndipo utakapoanza kukimbia, maana anayechoka hukimbia ili afike upesi. Krupa mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, alizoea kuongeza mwendo damu ikimchemka, na wenzake walilijua hilo. Jirekodi kwa simu, kisha linganisha mwanzo na mwisho.

Baada ya hapo tafuta onyesho la Carnegie Hall, New York, la tarehe 16 Januari 1938. Lilirekodiwa kwa kipaza sauti kilichoning'inizwa juu ya jukwaa, likatolewa kama santuri ndefu mwaka 1950, na ndivyo nchi nyingi za nje zilivyousikia usiku ule kwa mara ya kwanza. Wimbo wa mwisho mwisho ni huohuo, safari hii dakika kumi na mbili. Vipande vinavyozunguka kwenye simu huchukua mngurumo wake. Wewe nenda karibu na mwisho, pale ukumbi umeshachoka kupiga kelele na Goodman anamwonyesha mpiga piano wake, Jess Stacy, kwamba zamu ni yake. Haikupangwa. Stacy anaanza kupiga kitu cha upole, kama mtu anayesali chini ya miti, na Krupa, aliyekuwa ametikisa jengo zima kwa dakika kumi, anashuka mpaka tomu yake inabaki kama mapigo ya moyo wa mtu aliyelala. Hamwachi Stacy, wala hamfuniki. Weka vipokea sauti masikioni, sauti ikiwa juu kidogo, usikilize mkono ule ulivyo chini ya piano.